Umevuta SUV? Piga hesabu ya kilo kabla hujafunga tobaa



Wiki hii nimepata inbox tatu zinazofanana. Mmoja anauza magodoro, mwingine anauza viti na maturubai ya sherehe, wa tatu anauza vigae. Wote wamejichanga, wamevuta SUV zao kutoka Japani, na wote wananiuliza: "Kaka, nataka nifunge tobaa nivute tela langu mwenyewe, nimechoka kulipa kirikuu. Nipe fundi mzuri."

Kwanza hongereni sana. Kuuza vitu kwenye simu mpaka ukanunua gari sio jambo dogo. Ila jibu langu kwa wote watatu lilikuwa moja: fundi nitakupa, lakini niambie kwanza unabeba kilo ngapi. Hakuna hata mmoja aliyejua. Mwenye vigae aliniambia "mzigo wa kawaida tu."

Kwa ambaye hajaelewa, tobaa ni kile chuma kinachofungwa nyuma ya gari, chini ya bampa, chenye gololi kubwa ya chuma ambayo kichwa cha tela kinakaa juu yake. Ukiwa nayo, gari lako la kupeleka watoto shule asubuhi linaweza kubeba mzigo mchana. Ndio maana kila mtu anaitaka.

Mimi sipingi tela. Ninalo, na linanilipa. Msimamo wangu ni huu: wengi wetu tunafunga tobaa kwa sababu tumenunua gari, na sio kwa sababu biashara imeiomba. Na tunafunga kwa bei ya chini kabisa, halafu tunaingia nayo Morogoro Road na watu wakiwa mbele na nyuma yetu. Hapo ndipo tunapokosea, na mimi nilikosea wa kwanza.

Yaliyonikuta

Tobaa yangu ya kwanza nilichomelewa. Fundi alikata bomba, akalichomelea kwenye chuma cha ndani ya bampa, akapaka rangi nyeusi, ikapendeza. Ilichukua saa mbili. Tela nalo lilikuwa la kuchomelea, zito kuliko nilivyodhani. Waya wa taa tulisema tutaufunga wiki ijayo.

Siku hiyo nilitoka Kibaha na vitanda viwili vya mninga na kabati la milango mitatu. Kabati ndilo lilikuwa linashuka kwanza, kwa hiyo tulilipakia mwisho, huku nyuma kabisa. Dogo anayenisaidia akapanda juu ya mzigo ili ashikilie kamba. Nilimwona na sikusema kitu, maana kila siku tunaona watu wamekaa juu ya mizigo.

Tukiwa tunashuka kutoka Kimara kwenda Ubungo, tela likaanza kuyumba mkia, kushoto, kulia, kushoto. Nikakanyaga breki. Nisijue kwamba kukanyaga breki ndio kuharibu zaidi. Gari likavutwa nyuma kama mtu ameshikwa shati. Bodaboda mmoja aliyekuwa pembeni akaingia vumbini. Nilipofanikiwa kusimama, dogo alikuwa bado ameng'ang'ania kamba, hawezi hata kuongea.

Hakuna aliyeumia. Mlango mmoja wa kabati ulivunjika, nikamrudishia mteja pesa yake. Kuangalia chini ya bampa, ule mchomeleo ulikuwa umeshapata ufa wa kuingiza kucha.

Jioni mama wa yule dogo alinipigia simu. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama mwanangu mwenyewe ningemkalisha pale juu. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ndio sababu naandika haya kwa urefu.

1. Jua gari lako linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi

Sio linaweza. Linaruhusiwa. Gari lolote linaweza kuvuta kitu kizito kwa dakika tano. Swali ni kama linaweza kukisimamisha mteremkoni na kama giaboksi itafika mwakani.

Usidanganyike na jina la gari wala ukubwa wa bodi. Chukua mfano wa Toyota RAV4 ya kizazi kilichoanza 2019. Kwa soko la Marekani, ile ya petroli ya kawaida imeandikiwa pauni 1,500, yaani kama kilo 680. Toleo lingine la gari hilo hilo, lile la Adventure, limeandikiwa pauni 3,500, kama kilo 1,590. Jina moja, umbo karibu lile lile, lakini moja linavuta zaidi ya mara mbili ya jingine. Tofauti iko kwenye vitu ambavyo huvioni ukisimama nje.

Sasa sisi magari yetu mengi yametengenezwa kwa soko la Japani. Kitabu cha gari, kama kimo, kiko kwa Kijapani, na mara nyingi ukurasa wa kuvuta tela haumo kabisa. Usimwachie fundi akisie. Tafuta kwa namba ya modeli, namba ya injini na aina ya giaboksi, sio kwa jina tu. Ukikosa namba ya uhakika, lihesabu gari lako kuwa halijaruhusiwa kuvuta mzigo wa biashara. Najua inauma, lakini giaboksi inauma zaidi.

Na angalia: namba kubwa unazoziona kwenye matangazo kwa kawaida ni za tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki ni habari nyingine. Kule Ulaya, tela likizidi kilo 750 kwa uzito wake wote na mzigo, lazima liwe na breki. Matela yetu mengi ya mtaani hayana breki, kwa hiyo hata kama gari lako ni Prado, usiifanye ile namba kubwa kuwa yako.

2. Toa uzito wa tela kwanza

Hapa ndipo watu wengi wanashtuka. Tuseme umepata kwamba gari lako linaruhusiwa kilo 680. Tela lako la chuma likiwa tupu lina kilo 300. Umebakiwa na kilo 380. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo hiyo ni mifuko saba, basi. Wa nane umeshazidisha.

Mwenye vigae wangu, umeelewa sasa kwa nini nilikuuliza kilo? Boksi la vigae ni dogo kwa macho lakini uzito wake unaandikwa pembeni, usome. Ukijaza tela mpaka juu umemaliza ruhusa yako mara mbili au tatu.

Mwenye magodoro yeye hali ni tofauti. Magodoro yanajaza nafasi lakini kilo ni chache. Kwake tela lina maana. Tatizo lake ni upepo: mzigo mrefu na mwepesi unasukumwa na upepo na na mabasi yanayokupita. Afunge chini, asipange juu kupita kiasi, apunguze mwendo.

Unapimaje? Nenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu au kwenye maghala ya nafaka, wana mizani mikubwa. Pima tela tupu mara moja tu, andika namba kwa rangi kwenye ubavu wa tela. Hutasahau tena.

3. Mzigo ukae wapi

Tela langu liliyumba kwa sababu kabati zito lilikuwa nyuma ya ekseli. Uzito wa nyuma unanyanyua shingo ya tela, gari linakuwa jepesi nyuma, na tela linaanza kuongoza badala ya kuongozwa.

Kanuni inayofundishwa ni kuweka kama asilimia 60 ya uzito mbele ya ekseli na 40 nyuma. Mzigo mzito ukae chini, karibu na ekseli, kidogo mbele yake. Anayeshuka kwanza sio lazima apakiwe mwisho. Bora upakue na kupakia upya njiani kuliko yaliyonikuta.

Pia kuna uzito wa shingo, yaani kilo zinazokandamiza gololi. Marekani wanafundisha iwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela na mzigo. Tela la kilo 600 basi shingo iwe kati ya kilo 60 na 90. Lakini tobaa nyingi zilizotengenezwa kwa viwango vya Ulaya zina kibati, na pale kuna herufi S na namba ya kilo. Hiyo S ndiyo mwisho wa uzito wa shingo. Ikisema 75, usipeleke 90 kwa sababu umesoma hapa. Kibati kinanishinda mimi.

Kupima shingo ni rahisi. Tela likiwa na mzigo, liweke sehemu tambarare, zuia matairi yake kwa mawe, kisha weka mizani ya kupimia watu chini ya kichwa cha tela na kipande cha mbao katikati, kimo kilingane na gololi. Kilo zinazosoma ndizo hizo. Na kumbuka zinahesabika kama mzigo wa gari pia. Ukijaza buti na watu wanne ndani, springi za nyuma zinakaa na taa za mbele zinamulika mawinguni.

Likianza kuyumba ukiwa barabarani: usikanyage breki kwa nguvu, usiongeze mafuta, usipambane na usukani. Achia mafuta taratibu, shika usukani uliyonyooka, acha mwendo ushuke wenyewe, halafu toka barabarani ukapange mzigo upya.

4. Tobaa ifungwe kwa boliti, mahali sahihi

Prado lina chesesi yake chini, lile fremu la chuma, na bodi imekaa juu. RAV4, Harrier, X-Trail na Forester hazina fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo chesesi. Ukichomelea kwenye bodi ya namna hii unaunguza rangi ya kuzuia kutu na unabadilisha ugumu wa bati pale pale panapovutwa. Na kile chuma cha ndani ya bampa kimewekwa kupokea kugongwa, hakikuwekwa kuvuta tela.

Tafuta tobaa iliyotengenezwa kwa modeli yako, inayofungwa kwa boliti kwenye matundu ambayo gari lilikuja nayo, na yenye kibati kinachoonyesha uzito. Ikiwa imetoka kwenye gari lililokatwa, hakikisha ni modeli ile ile, haijapinda na haijawahi kuchomelewa. Baada ya safari mbili tatu za kwanza, rudi ukakaze boliti.

Kile kitanzi cha kukokotea gari likiharibika, hicho sio tobaa. Nimeona mtu amefunga tela pale kwa kamba ya katani. Jamani.

5. Gololi na kichwa cha tela vilingane

Hili ni dogo lakini ni baya. Gololi za Ulaya ni milimita 50. Za Marekani zipo za inchi 2, ambazo ni milimita 50.8. Kwa macho ni kitu kimoja. Lakini kichwa cha inchi 2 juu ya gololi ya milimita 50 kinacheza, na kinachocheza siku moja kinaruka kwenye tuta. Zipo pia za inchi 1 na 7/8, ndogo zaidi. Ukubwa umegongwa juu ya gololi na kwenye kichwa cha tela. Soma vyote viwili kabla hujalipa.

Na kama una tobaa inayochomoka, ichomoe siku ambayo huvuti. Miguu ya watu kwenye maegesho ya Kariakoo haina kosa.

6. Mnyororo na taa

Minyororo miwili, ipishane chini ya shingo kama alama ya kuzidisha. Tela likichomoka, shingo inadondokea kwenye minyororo badala ya kuchimba lami. Iwe mirefu kiasi cha kukata kona, isiwe mirefu ya kuburuza.

Taa: za kawaida, za breki, indiketa. Usimruhusu fundi aungie waya kwa kung'ata ule wa taa za gari na kufunga selotepu. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayosoma umeme wa taa. Ukiongeza mzigo bila utaratibu unaunguza fyuzi au kitu cha bei zaidi. Mwambie aweke kifaa cha rilei cha tela chenye fyuzi yake. Kila safari, kabla ya kuondoka, mtu asimame nyuma na wewe ukanyage breki, uwashe indiketa kushoto na kulia. Ni sekunde thelathini.

Fikiria bodaboda anayekuja nyuma yako saa mbili usiku. Anaona taa za gari lako mbali kidogo, anadhani kuna nafasi. Tela lisilo na taa liko katikati. Huyo ni baba wa mtu.

Na hakuna mtu kupanda kwenye tela. Hata kama ni mtaa wa pili. Hata akisema mwenyewe anataka.

7. Giaboksi na karatasi

SUV nyingi tunazonunua zina giaboksi ya CVT, ile isiyopanda gia moja moja. Kuvuta mzito kwa muda mrefu kunaipasha moto, na joto ndilo linaloiua. Badilisha oili ya giaboksi mapema zaidi ya kawaida, tumia oili iliyoandikiwa gari lako, na mlimani usilazimishe.

Karatasi: tela linasajiliwa lenyewe na linakuwa na namba yake. Pita TRA kabla ya kulinunua, uulize hilo unaloliona lina kadi au ni chuma tu. Halafu piga simu kwenye bima yako, waambie wazi kwamba gari litavuta tela na litabeba mizigo ya biashara, wakujibu kwa maandishi. Ukinyamaza halafu ukagonga, utajua maana ya "gari la matumizi binafsi."

8. Sasa tuongee pesa

Tuseme kirikuu anakutoza 30,000 kwa tripu na una tripu mbili kwa wiki. Kwa mwezi ni 240,000. Inauma, najua. Sasa andika upande wa pili: tobaa, waya, tela, usajili, bima, matairi ya tela, mafuta ya ziada, mahali pa kulaza tela usiku, na akiba ya giaboksi.

Halafu andika kitu ambacho hatukiandiki kamwe: muda. Sisi tunauza kwa simu. Ukiwa kwenye usukani na tela nyuma, kutoka Kariakoo mpaka Chanika na foleni yake, nani anajibu inbox? Mteja anayeuliza "bado ipo?" hasubiri saa nne. Mimi nilipokuwa nashinda barabarani nilikuwa naokoa 30,000 ya kirikuu na kupoteza oda mbili. Nililigundua hilo nilipokaa na daftari.

Kipimo changu mwenyewe ni hiki: kama mizigo mikubwa haijafika tripu nne kwa wiki, miezi mitatu mfululizo, endelea na kirikuu. Tafuta mmoja mwaminifu, mpe kazi zote, mpatane bei ya mwezi. Au unganeni wauzaji watatu wa upande mmoja wa mji mchange tripu. Mizigo midogo laza viti vya nyuma, inatosha.

Ukishafika tripu nne, na mzigo wako ni wa kujaza nafasi kuliko wa kilo, hapo nakuunga mkono kabisa. Magodoro, viti vya plastiki, maturubai, masofa mepesi. Kwanza kodi tela la mtu kwa wiki mbili uone maisha yake. Jifunze kurudi nyuma kwenye uwanja mtupu: shika usukani sehemu ya chini, na mkono wako upeleke upande unaotaka mkia wa tela uende. Siku ya kwanza utalia, ya tatu utazoea.

Mwenye vigae, wewe samahani. Kazi yako ni ya kirikuu au Canter, na SUV yako iache ipumzike. Bei ya kusafirisha iweke wazi kwenye posti yako, mteja wa vigae anajua vigae ni vizito.

Yule dogo alirudi kazini baada ya wiki mbili. Siku hizi yeye ndiye anayesimama nyuma kukagua taa, na taa moja ikigoma anagoma na yeye, hatuondoki. Ananichelewesha sana, na simwambii kitu.

Wewe unabeba nini, na kilo ngapi? Andika hapo chini, tupige hesabu pamoja kabla hujampa fundi hela. Na kama una mwenzako amevuta gari juzi na ameanza kuulizia tobaa, mtumie hii leo.